Ngazi za Giza: Uziwi wa Kurithi Katika Nyumba Moja ya Mji wa Kale wa Mombasa

Waliingia kliniki kwangu wanne, Jumatatu asubuhi: mama mtu, mavyaa yake, binti wa miaka 9, na mtoto wa kiume wa miezi 15 aliyelala begani kwa bibi yake. Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: mtoto hageuki akiitwa, apimwe masikio. Aliyetajwa ni yule mdogo. Binti hakuandikwa. Uziwi wake ulijulikana tangu ana miaka 3, anasoma shule ya viziwi, anaongea kwa ishara kwa kasi inayonishinda, na nyumbani mambo yake yalihesabiwa kuwa yamekwisha. Siku ile alikuja tu kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na hapakuwa na wa kumwachia.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu jibu lilikuwa kwa huyo ambaye hakuletwa kupimwa. Wazazi wamenipa ruhusa ya kuandika. Majina siyataji, na nimeacha mambo machache ambayo yangewatambulisha.

Kabla sijauliza lolote, bibi alianza. "Daktari, sisi kwetu hakujapata kuzawa bubu. Haya yametoka upande wa mamake." Mkaza mwana wake aliinamisha uso akatazama vigae vya sakafu. Alivitazama namna ya mtu aliyekwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka hana tena la kujibu. Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza kwamba ilikuwa miaka 6 sasa. Mara ni kwa kuwa alitoka nje magharibi na mimba, mara ni tumbo lake lina kasoro, na mumewe alishaanza kushauriwa aoe mke wa pili.

Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo yake, na hayo yalimuuma zaidi. Binti alipozaliwa, siku ya pili alipata homa, wakalazwa, akachomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 7. Mama aliwahi kusikia kwamba dawa hiyo huua masikio. Yeye ndiye aliyekubali mtoto achomwe. Kwa hiyo lawama zilikuwa mbili, na zote zilimwangukia yeye mmoja: ya watu kwamba alizaa vibaya, na yake kwamba alikubali sindano.

Tuanze na mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeletwa. Ngoma za masikio zilikuwa safi, hakuna usaha, hakuna maji nyuma yake. Kipimo cha mwangwi wa sikio la ndani hakikuleta jibu, kulia wala kushoto. Tukamlaza, tukamwekea nyaya kichwani kupima kama mshipa wa kusikia unapeleka habari kwenye ubongo, na hata tulipopandisha sauti hadi desibeli 90, kiwango cha pikipiki inayonguruma karibu nawe, mstari kwenye kioo ulibaki bapa. Uziwi wa ndani, mkubwa, masikio yote mawili, na kwa dalili zote wa kuzaliwa nao. Hilo halikuchukua muda.

Swali gumu lilikuwa kwa nini. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba nyumba ile, kwa miaka 6 ya kutafuta nani alaumiwe, haikuwahi kuuliza ni kitu gani hasa kilichotokea.

Sindano tuliichukulia kwa uzito, kwa kuwa haikuwa hofu tupu. Jentamaisini na dawa za jamii yake, kama streptomaisini na kanamaisini, kweli zinaweza kuua seli za kusikia. Tena wapo watu waliozaliwa na badiliko katika jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi) za mitokondria, vile vyombo vidogo vinavyoizalishia seli nguvu, ambalo huwafanya wapoteze usikivu hata kwa dozi ya kawaida, na badiliko hilo hupita kwa mama peke yake: mama huwapa watoto wote, baba hampi yeyote. Kama ndivyo, basi maneno ya bibi yangekuwa na chembe ya ukweli. Lakini yule mdogo hakuwahi kuchomwa jentamaisini hata mara moja. Nilikipitia kitabu chake cha kliniki ukurasa kwa ukurasa. Chanjo tu. Watoto wawili wa mama na baba mmoja, uziwi wa aina moja, mmoja amepata dawa na mwingine hakuipata. Sindano ikatoka kwenye orodha. Nilipomweleza mama hivyo, alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nirudie, pole pole, tangu mwanzo.

Nikachukua karatasi kubwa, nikaanza kuchora nasaba. Kwa kazi hii, watu wa Pwani ni hazina. Mtu ambaye hakumbuki alikula nini juzi atakutajia babu zake saba na waliwaoa akina nani. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari mmoja kwa ndoa, na mistari miwili kama waliooana ni wa damu moja. Nilipofika kwa wazazi wa watoto, nikamuuliza mama: "Na wewe na mumeo mnahusianaje?" Akajibu kwa sauti ndogo: "Mtoto wa ami yangu."

Nikachora mistari miwili, na maneno ya bibi yakaanguka palepale kwenye karatasi. Baba yake mama na baba yake mume ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. "Upande wa mamake" na "upande wa babake" ni upande mmoja.

Naomba nieleze hesabu yenyewe, kwa sababu watu wengi huishia kusema "ni mambo ya kuoana ndugu" kisha wanaondoka na lawama mpya. Kila jeni tunayo katika nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Uziwi mwingi wa kurithi hutaka nakala zote mbili ziwe na kasoro. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima husikia vizuri kabisa, hana dalili, wala hajui. Huyo ni mbebaji. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbovu mbili. Mtoto hawezi kuwa kiziwi wa namna hii kwa kurithi kwa mama peke yake. Haiwezekani, hata mtu akitaka. Lazima baba naye awe ametoa yake.

Kuoana binamu hakuiumbi kasoro. Binamu wa kwanza hushiriki takriban sehemu moja ya nane ya jeni walizopewa na babu na bibi, kwa hiyo kama babu alikuwa na nakala mbovu iliyojificha, ndoa hiyo huipa nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwenzake. Ndiyo hivyo tu. Miongoni mwa wazazi wasiohusiana, kama watoto 3 katika kila 100 huzaliwa na tatizo kubwa la kimaumbile. Kwa binamu wa kwanza idadi hupanda kwa wawili au watatu hivi. Wengi mno huzaa watoto wazima. Nimewaambia hivyo wazazi hawa na ninawaambia wengine wote, kwani ndoa hizi ni halali yao na ni desturi yao, na mtu hawezi kuja kliniki kusaidiwa ilhali anahukumiwa.

Kuna mambo mawili ambayo huulizwa kwa kila mtoto kiziwi na mara nyingi husahaulika, kwa kuwa hayana uhusiano wa wazi na masikio. La kwanza: alianza kutembea lini? Nilimuuliza bibi kuhusu binti.

"Huyu? Alichelewa mno. Miaka miwili kasoro. Tulimchimbia shimo mchangani, tukamsimamisha ndani, kila asubuhi." Akaongeza kwamba na huyu mdogo alikuwa njia hiyo hiyo. Nikamtazama mtoto. Miezi 15, amewekwa mkekani, anajaribu kukaa, na kila akiachiwa anayumba na kulala ubavu.

La pili sikuwahi kuliuliza, maana lilijibiwa lenyewe. Tukiwa pale, stima ikapotea. Chumba changu hakina dirisha kubwa, kikawa na kiza cha wastani, sisi wengine tukaendelea kuonana. Binti alirusha mkono hewani, akapapasa, akalishika buibui la mama yake kwa ngumi mbili na kuliganda. Hakulia. Alisimama tu, macho wazi, hatazami popote.

"Ni mwoga wa giza," mama akaniambia. "Nyumbani baada ya magharibi hushuka ngazi kwa makalio."

Nyumba za Mji wa Kale ngazi zake zinajulikana: nyembamba, zimesimama, zinapinda kwenye ukuta ambako jua halifiki hata saa sita mchana. Mtoto yeyote anaweza kuziogopa. Lakini mtoto kiziwi aliyechelewa kutembea na asiyeona giza likiingia, huyo si mwoga. Hali yake ina jina. Huitwa sindromu ya Usher, kwa jina la Charles Usher, daktari wa macho wa Uskoti aliyeandika mwaka 1914 kwamba hali hii hurithiwa katika familia.

Nikarudi kwenye karatasi ya nasaba na swali jingine. Nilikuwa nimeuliza kama kuna kiziwi. Safari hii nikamuuliza bibi kama kuna aliyepofuka kabla ya uzee.

"Labda marehemu babu mdogo," akasema, "kule Faza, kisiwani Pate. Yule aliingiwa na shetani wa baharini. Akawa bubu, na alipofika makamo macho nayo yakafungwa. Alikuwa akiongozwa kwa fimbo."

"Alikuwa bubu tangu lini?"

Akafikiri. Yeye aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana na alimkuta mzee yule tayari mtu mzima. "Husemwa ni tangu mtoto," akasema. Kisha akanyamaza, akaitazama karatasi, kidole changu kikiwa kwenye mraba wa kaka wa yule babu ambaye ni babu wa mama na ni babu wa baba. Sikuhitaji kusema neno. Alisema mwenyewe: "Kumbe alikuwako."

Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo, kwa maoni yangu. Bibi hakudanganya aliposema kwao hakujazawa bubu. Mzee wa Faza hakuhesabiwa kuwa kiziwi wa ukoo kwa sababu alikuwa na maelezo mengine, ya shetani. Binti hakuhesabiwa kuwa na tatizo la macho kwa sababu alikuwa na maelezo mengine, ya woga. Kila dalili ilikuwa imekwisha kupewa jibu, kwa hiyo hapakuwa na aliyeziweka pamoja. Na sisi wenye makoti meupe hatukufanya vizuri zaidi: binti alipopimwa akiwa na miaka 3, kadi yake iliandikwa "uziwi, sababu haijulikani", na hakuna aliyeandika alianza kutembea lini.

Kwa nini sikio, mwendo na jicho viharibike pamoja? Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio iliyojipinda kama konokono, mtu huzaliwa na takriban seli 15,000 za kusikia. Juu ya kila seli pamesimama fungu la vinywele vidogo mno, vimepangwa kwa kimo, vifupi mbele na virefu nyuma, na kila kinywele kimefungwa kwa uzi kwenye kinachofuata. Mwenye kuvijua vyombo vya pwani afikirie milingoti iliyofungwa kamba. Sauti ikipiga, vinywele huinama, nyuzi hukazika na kuvuta vilango vidogo vikafunguka, na umeme wa neva huanzia hapo. Nyuzi hizo na mitambo inayozikaza hutengenezwa kwa protini chache, na moja ya hizo hujengwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo MYO7A. Ikikosekana, milingoti haisimami sawa tangu tumboni. Seli za aina hiyo hiyo ndizo zinazotupa habari za mizani ya mwili, ndiyo maana mtoto huchelewa kukaa na kutembea. Na protini hiyo hiyo hufanya kazi nyuma ya jicho, kwenye retina, utando unaopokea mwanga. Kule uharibifu huja taratibu: kwanza seli za kuona gizani, za pembeni, kisha uwanja wa kuona hupungua mwaka baada ya mwaka hadi mtu abaki kama anayechungulia kwenye bomba.

Kliniki ya macho ilithibitisha. Retina za binti zilikuwa na madoa meusi pembeni, na uwanja wake wa kuona ulikuwa umeanza kubanwa. Katikati alikuwa bado anaona vizuri, anasoma herufi ndogo, ndiyo sababu hata mwalimu hakushuku.

Tulipima pia moyo kwa mashine ya umeme. Ni kipimo cha dakika chache, na kila mtoto aliyezaliwa kiziwi astahili kufanyiwa, kwa kuwa ipo aina nyingine ya uziwi wa kurithi inayokwenda na mapigo mabaya ya moyo: mtoto huzimia akikimbia au akiogelea, na mara nyingine haamki. Mioyo yao ilikuwa salama.

Kipimo cha jeni kilichukua miezi. Ami mmoja aliye Ghuba alikuwa tayari kulipia, ila alikuwa amesoma mtandaoni kwamba kinachotakiwa ni kupima jeni ya GJB2 peke yake. Alikuwa na sababu. Tangu mwaka 1997 inajulikana kwamba jeni hiyo ndiyo chanzo kikuu cha uziwi wa kurithi Ulaya na sehemu kubwa za Asia. Barani Afrika mambo ni tofauti. Ghana wapo viziwi wa jeni hiyo, na kijiji cha Adamorobe kinajulikana ulimwenguni: vizazi vingi vya viziwi, jeni hiyo hiyo, na lugha yao ya ishara ambayo hata wanaosikia huitumia. Lakini katika nchi nyingi za bara hili GJB2 huonekana kwa nadra. Jeni zinazojulikana kuleta uziwi zimepita 100. Familia ya Mombasa yenye damu ya Pate, ya Hadhramaut kule Yemen na ya wengine ambao vitabu vya nasaba havikuwaandika, ukiipimia jeni moja tu na jibu likaja safi, utawaambia nini? Watarudi kwenye shetani. Tukaomba zipimwe nyingi kwa pamoja. Jibu lilirudi: binti na mdogo wake wote wana nakala mbili mbovu za MYO7A, badiliko lile lile pande zote mbili. Baba ana moja. Mama ana moja.

Baba alikuja mwenyewe kuchukua jibu, amevaa kanzu, ametoka msikitini. Nilipotaja 1 kati ya 4, akahesabu kwa vidole: watoto watatu, wawili wamepata, wa kati anasikia, basi ngoma imeshapita kwao, wakizaa tena ni salama. Kosa hili hufanywa na watu wenye akili sana, na ni lazima lirekebishwe hapohapo. Mimba haikumbuki ya kabla yake. Kila moja huanza upya, 1 kati ya 4, hata wangekuwa na kumi. Kisha akauliza la huyo wa kati, mwenye miaka 6. Kwa kuwa anasikia, ana nafasi 2 kati ya 3 za kuwa mbebaji. Akioa asiye mbebaji, watoto wake hawatakuwa viziwi kwa jeni hii. Akitaka binamu, wapimwe kwanza, kipimo sasa ni rahisi kwa kuwa badiliko la ukoo linajulikana. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Nimemwacha mke wangu abebe peke yake."

Kuna jamaa waliotuma video ya tiba mpya ya jeni iliyowafanya watoto viziwi wakaanza kusikia. Ni kweli, matokeo yalitangazwa mwaka 2024 China na Marekani, lakini ni kwa jeni ya OTOF. Yao ni nyingine. Niliwaambia wazi, maana tumaini lisilokuwa lao lingewala fedha na muda.

Kwa mdogo, muda ndio kila kitu. Kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa sikioni kwa upasuaji ili kupeleka sauti kwenye mshipa wa kusikia, hufanya kazi vizuri ubongo ukiwa bado mchanga, na kwa mtoto ambaye macho yatapungua, kusikia kuna thamani maradufu. Gharama ni ya mamilioni ya shilingi. Ukoo umeanza mchango, nami siwezi kusema utafika wapi. Kwa binti, miaka 9 bila sauti, kipandikizi kingempa kidogo tu. Lugha yake ni ya ishara, na itabaki yake: siku uwanja wa macho utakapobanwa, ishara huweza kupokelewa kwa mikono, mkono juu ya mkono. Ameanza Breili, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa kugusa, sasa, akiwa bado anaona, kwa sababu vidole hujifunza vizuri zaidi bila haraka. Anayezungumza naye asimame mbele yake, karibu kiasi, penye mwanga, si pembeni.

Hapo ndipo lilipoibuka jambo lililonisikitisha kuliko vipimo vyote. Katika nyumba ya watu 11, wanaojua ishara walikuwa wawili: mama, na yule kaka wa miaka 6 anayesikia, ambaye amekuwa mkalimani wa watu wazima. Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, lakini bibi na mjukuu wake wa kwanza hawakuwahi kusemezana zaidi ya njoo, kula na lala.

Nilikwenda kwao Kibokoni mwezi wa tatu baada ya jibu, kumtazama mdogo. Ilikuwa baada ya isha. Bibi alinipokea mlangoni, vidole vyake vina rangi nyeupe kwenye kucha. Taa mpya ilikuwa imefungwa kwenye kona ya ngazi, na ukingo wa kila kidato, tangu chini hadi darini, ulikuwa umepakwa mstari mweupe wa upana wa vidole vitatu. Haukunyooka. Aliupaka mwenyewe, amekaa, kidato kimoja kimoja. Binti alitokea juu, akatazama chini, akateremka kwa miguu, mkono mmoja ukutani. Alipofika, bibi alijiweka mbele yake chini ya taa na kumwashiria jambo kwa mikono yake migumu. Alikosea. Binti akaishika mikono ile, akaipanga upya vidole, akamrudishia.